IST, Probox, Premio au Mark X: gari gani kwa anayelala Tabora na kufanya kazi Sikonge?

Mtu wa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini, anayeshuka sokoni na kurudi nyumbani anaweza kununua gari lolote linalowaka. Anayelala Tabora mjini na kusaini kazini Isikizya, Sikonge, Urambo au Nzega hana uhuru huo. Lami imefika pande zote hizo, na watumishi wengi wameshapiga hesabu wakaona ni nafuu kuendesha kila siku kuliko kuhamisha watoto shule na kulipa nyumba ya pili. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa gari nalo limechaguliwa kwa hesabu. Wengi huchagua kwa macho, au kwa kuwa jirani analo.

Nitumie njia ya Sikonge kama kipimo. Ni kilomita zipatazo 70 kwenda, kwa hiyo 140 kwa siku. Siku 22 za kazi kwa mwezi zinakupa kilomita 3,080, na ukitoa mwezi wa likizo, mwaka unaisha ukiwa na karibu 34,000. Kwa mwendo huo, sevisi ya kila kilomita 5,000 inakufikia kabla miezi miwili haijaisha, na gari ulilonunua likisoma 90,000 linapita 150,000 kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Kwa hiyo ninapolinganisha hapa sitazami gari lilivyo siku ya kununuliwa. Natazama litakavyokuwa likishamaliza mwaka kwenye njia hiyo.

Magari manne ndiyo yanayobishaniwa zaidi. Mafuta nimeyapiga kwa shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei kikomo hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa bara tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafiri kutoka bandarini. Ndugu zetu wa Kigoma wanalipa zaidi yetu.

| | IST (2002–2007) | Probox (2002–2014) | Premio (kuanzia 2007) | Mark X (2004–2009) |
|---|---|---|---|---|
| Injini | 1.3 au 1.5 | 1.3 au 1.5 | 1.5, 1.8 au 2.0 | V6 ya 2.5 au 3.0 |
| Giaboksi | otomatiki, gia 4 | otomatiki gia 4, au gia za mkono | CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia) | otomatiki, gia 6 |
| Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma | mm 2,370 | mm 2,550 | mm 2,700 | mm 2,850 |
| Tangi | lita 45 | lita 50 | lita 60 | lita 71 |
| Kilomita kwa lita, barabara kuu (makadirio) | 15–16 | 14–15 | 15–16 kwa 1.5 | 10–11 kwa 2.5 |
| Mafuta ya mwezi, Tabora–Sikonge | karibu 600,000 | karibu 640,000 | karibu 600,000 | karibu 880,000 |

Makadirio hayo ni ya dereva anayekaa kilomita 90 hadi 100 kwa saa na kupunguza vijijini. Ukiwa mtu wa kukanyaga, punguza kilomita mbili au tatu kwenye kila safu.

Kinachowashangaza wengi kwenye jedwali ni IST na Premio ya 1.5 kulingana mafuta, wakati IST ni ndogo na nyepesi zaidi. Mjini IST inashinda. Kwenye lami ndefu mambo yanabadilika: IST ina gia nne tu, kwa hiyo ukifika 100 injini inalia juu na hakuna gia ya tano ya kuipumzisha. Umbo lake nalo limesimama wima, na upepo unaipinga. Premio imelala, na CVT yake inashusha mzunguko wa injini mwendo ukishatulia. Injini ya 1.5 ya IST ni 1NZ-FE, na ndugu zake wamo kwenye Probox na kwenye Premio nyingi za 1.5. Kinachotofautiana ni gari lililoizunguka.

IST imejaa Tabora na sababu zinajulikana: bei yake mkononi inashikika, spea zipo kila duka, na hakuna fundi asiyeijua. 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na ukimwaga oili kwa wakati haikusumbui. Ila milimita 2,370 kati ya ekseli ni umbali mfupi. Kila bonde la lami na kila rasta unalipata mara mbili kwa haraka, mbele kisha nyuma, na mgongo unahesabu. Unapopishana na basi la Mpanda lililotoka kasi, upepo wake unaisukuma IST pembeni na inabidi uushike usukani kwa mikono miwili. Siku moja moja hilo si neno. Asubuhi na jioni, mwaka mzima, linachosha, na dereva aliyechoka jioni ndiye anayekutana na ng'ombe wanaorudi zizini.

Tangi pia lina lake. Kwa lita tisa na kitu kwa siku, lita 45 za IST hazimalizi wiki ya kazi kwa amani. Alhamisi utakuwa unatafuta kituo. Premio ukiijaza Jumapili inafika Ijumaa na akiba inabaki.

Premio (na Allion, ambayo ni gari lile lile kwa sura nyingine) ndiyo ninayoiweka mbele kwa Sikonge na Urambo. Imetulia kwenye lami, viti vyake vinashika mapaja vizuri, na kelele ya matairi haikulazimishi kupandisha redio. Buti linameza ndoo za asali na gunia la mchele bila kukunja kiti. Inapolala kwenye mwendo wa 90 unaweza kuzungumza na uliyempakia kwa sauti ya sebuleni.

Masharti yake ni mawili. La kwanza ni giaboksi. Matoleo ya kuanzia 2007 yote yana CVT, na CVT ina mafuta yake maalumu. Fundi akikutilia ATF, yaani mafuta ya otomatiki ya kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye rafu, giaboksi itaanza kuteleza na kutetemeka, na bei ya nyingine itakufanya ukumbuke akiba uliyofanya kwa kununua dumu la bei rahisi. Nunua mwenyewe, soma maandishi kwenye dumu, simama hapo yakimwagwa. Giaboksi ikifunguliwa, uliza kama na chujio linasafishwa. Unaponunua gari, lijaribu likiwa limepata moto, si lile la kuzungushwa dakika tano mtaani: nenda nalo hata hadi Isikizya na kurudi, kisha simama kwenye kilima kidogo uondoke taratibu. CVT iliyochoka itatetemeka hapo.

Sharti la pili ni injini. Chukua 1.5 au 1.8. Kwenye toleo la zamani, la 2001 hadi 2007, jihadhari na 2.0 yenye maandishi ya D4. Hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na ikizeeka njia za kuingizia hewa zinajaa kaboni, inawaka kwa shida, na si kila fundi wa mkoani ana vifaa vyake. Kwenye toleo hilo hilo, 1.8 ya 1ZZ-FE ina sifa ya kula oili, hasa za miaka ya mwanzo. Toleo la zamani la 1.5, lenye otomatiki ya gia nne, bado ni gari zuri kwa asiyetaka kusikia habari za CVT. Litakunywa kidogo zaidi, basi.

Premio iko chini kidogo, na hili nalisema kwa anayeishi mtaa wenye mitaro ya mvua. Kwenye lami haina shida. Ila kama kazini kwako baada ya Sikonge mjini kuna kilomita kumi za vumbi kwenda kijijini, endelea kusoma.

Probox inadharauliwa na watu wasioiendesha. Ilitengenezwa Japani kwa kazi ya kubeba mizigo ya ofisi, kwa hiyo springi zake ni ngumu, mlango wa nyuma ni mpana, sakafu ni bapa, na ndani hakuna cha kuharibika. Kwenye vumbi la Kiwere au la Urambo ndani, ambako Premio inakwaruza tumbo, Probox inapita. Mtu anayechanganya mshahara na biashara ndogo, anayepeleka dawa dukani au kurudi na asali, hana sababu ya kutafuta kingine. Ikiwa na gia za mkono haina hata giaboksi ya kuogopa.

Kwa kubeba mtu tu, kila siku, ikiwa tupu, ni gari la adhabu. Springi za kubebea mzigo zikikosa mzigo zinarukaruka. Kiti cha nyuma cha zile za kibiashara ni chembamba na kimesimama wima; wafanyakazi wenzako watakaopanda nyuma watakuwa wanagombania cha mbele. Kelele ya barabara inaingia yote. Succeed, pacha wake, imepambwa ndani kidogo zaidi, nayo ukiipata safi ni afadhali.

Tena, Probox ina mtego wake wa kipekee: siti zinashawishi. Kuchangia mafuta na wenzako wa ofisini ni jambo la kawaida na la busara. Kusimama stendi na kuita abiria ni mchomoko, unahitaji leseni ya LATRA ambayo huna, na bima uliyokata ya gari binafsi haikukatwa kwa abiria wanaolipa nauli. Ajali ikitokea ndipo karatasi zinaposomwa vizuri.

Mark X na Crown tuziweke fungu moja, kwa kuwa za 2.5 zinatumia injini ile ile ya 4GR-FSE. Sitakudanganya kwamba ni gari baya. Kwa raha ya barabara hakuna kati ya hizo tatu inayoisogelea: ni nzito, ndefu, gia sita, inaovateki lori kwa pumzi moja. Kama ningekuwa nakwenda Dodoma mara moja kwa mwezi ningeitaka.

Kwa Sikonge kila siku, tofauti ya mafuta na Premio ni karibu shilingi 280,000 kwa mwezi. Oili yake ni lita sita na kitu, ilhali 1NZ inatosheka na lita zisizofika nne, na plagi ni sita badala ya nne. Zile zenye ringi za inchi 18 zinakula matairi ya bei, na wembamba wa ubavu wa tairi hizo haupatani na mashimo. Nayo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama D4. Spea nyingi zinaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi, kwa hiyo gari likilala Jumatatu linaweza kuamka Alhamisi, na siku hizo unapanda basi ilhali wewe ni mtumishi unayetakiwa kusaini saa 1:30. Halafu kuna tochi za polisi za kupima mwendo. Mark X ikiwa kwenye 110 unahisi uko 80, na kibao cha 50 cha kijijini kinafika kabla hujajua. Faini ya 30,000 si kubwa, mpaka uizidishe.

Watu wataniuliza mbona sijataja za juu. Subaru Forester ya 2007 hadi 2012 ina zaidi ya sentimita 20 kutoka chini na inavuta matairi yote manne. Kwa mwenye lami na vumbi la masika ni jibu zuri kuliko Probox kama ana pesa. Ila tafuta iliyotoka baada ya mabadiliko ya 2010, yenye injini ya FB20 inayotumia cheni. Ile ya EJ20 ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na kwa mwendo wa Sikonge hiyo ni kila miaka mitatu. Mafuta yake hesabu karibu na ya Mark X. X-Trail ya umri huo ina CVT isiyopenda joto na safari ndefu za kasi, mimi naipita. Gesi, ambayo madereva wa Dar wanajisifia, haina kituo cha kukuhudumia kwenye njia hizi.

Kuna jambo ambalo watangazaji wa magari hawaliandiki, na huku magharibi lina uzito: taa. Jua la Tabora linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi, dakika zipatazo 25 nyuma ya Dar es Salaam. Ukitaka kusaini saa 1:30 Sikonge unaondoka saa 12 na dakika chache, giza bado, na barabarani kuna baiskeli za mkaa zisizo na kiakisi na bodaboda zenye taa moja inayotazama mbinguni. IST nyingi na Probox zina taa za kawaida za halojeni, na vioo vyake vya plastiki vikishakuwa vya maziwa mwanga unafia karibu. Premio nyingi za daraja la juu zina xenoni. Nenda kukagua gari usiku, si mchana. Kioo chenye ukungu kinasuguliwa na kurudi. Balbu kali za mtaani zilizochomekwa kwenye taa isiyo yake zinampofusha anayekuja na hazikusaidii wewe.

Na kwa kuwa tumefika kwenye jua: anayelala Tabora na kufanya kazi Urambo ana bahati, asubuhi anaelekea magharibi na jioni mashariki, jua liko mgongoni safari zote mbili. Wa Sikonge linampiga upande wa kushoto kwenda na kurudi, yaani linamuunguza abiria. Anayeishi Urambo na kufanya kazi Tabora ndiye mwenye balaa. Anunue miwani kabla ya gari.

Matairi hayachagui gari, lakini yanaamua kama chaguo lako lilikuwa na maana. Soma tarakimu nne ubavuni baada ya maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la miaka minane linapasuka kwenye joto la Oktoba likiwa kwenye 100. Pima upepo asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi. Kwenye bajeti ya Sikonge, weka seti nzima ya matairi kama matumizi ya kawaida, si dharura. Hapo ndipo IST na Probox zinapofidia kidogo, kwa kuwa saizi zao ni ndogo na zinapatikana kila mahali.

Kwa anayeagiza Japani badala ya kununua mkononi, ushuru unaegemea upande ule ule. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18 kwa zote, lakini ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi 2,000. Mark X inaangukia huko. Kisha kuna nyongeza ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, 30 likizidi kumi. Ndiyo maana Premio mpya kidogo wakati mwingine inafika bei isiyo mbali na ya IST iliyozeeka. Omba cheti cha kusafirishia nje kutoka Japani, kina kilomita zilizoandikwa rasmi, uzilinganishe na dashibodi. Anayeuza mkononi akisema cheti kilipotea, kagua kwa macho mengine: pedali ya breki iliyolika, usukani unaong'aa, kiti cha dereva kilichozama. Fungua ufunguo bila kuwasha uone kama taa ya ABS na ya injini zinawaka, kisha washa uone kama zinazima. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa balbu.

Kwa hiyo, njia kwa njia. Isikizya ni karibu. IST inatosha na inabaki pesa ya kujenga. Sikonge na Urambo ni Premio ya 1.5, na Allion ukiipata safi usibague. Nzega ni zaidi ya kilomita 110 kwenda. Kama ni lazima iwe kila siku, chukua 1.8, lakini ningeanza kwa kuuliza bei ya chumba Nzega na kulala huko Jumanne na Alhamisi. Wa Kigoma anayepanda Kasulu kutoka ziwani naye achukue 1.8, maana kutoka usawa wa ziwa, mita 770 na kitu, hadi nyanda za Buha ni kupanda kwa kweli, na 1.5 ikiwa na watu wanne inalia. Mwisho wa njia ukiwa vumbi, Probox kwa mwenye mizigo, Forester kwa mwenye mfuko.

Na kama mfuko unaishia kwenye IST na kazi iko Sikonge, nunua IST bila aibu, ila iwe ya 1.5. Usiweke ringi mpya wala redio ya kioo. Fedha ya hivyo iende kwanza kwenye shokapu nne mpya, kisha matairi ya mwaka huu au wa jana, kisha kusugua taa na kuzipanga usiku ukutani. Gari ni lile lile dogo, lakini saa moja na nusu ya barabara utaimaliza ukiwa na nguvu ya kusimama darasani.